Usichague mtu, chagua tendo: namna daktari tarajali anavyojifunza kwa wakubwa wake wodini

Daktari tarajali, yaani aliyemaliza chuo na yumo katika mwaka wake wa mazoezi hospitalini, anapoingia wodini siku ya kwanza, iwe Mnazi Mmoja, Lumumba au Abdalla Mzee kule Mkoani, shauri analopewa ni lile lile: "Muangalie daktari fulani, ufuate anavyofanya." Shauri zuri, ila halina mpini. Hakuna anayemwambia aangalie nini, asimame wapi, aulize lini, wala afanye nini pale ambapo huyo daktari fulani naye anakosea. Mwaka wa utarajali unakwisha, mtu kazunguka magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na wodi ya wazazi, katoka na mwendo wa bingwa wake, utani wake na mwandiko wake usiosomeka. Kilichomfanya yule awe bingwa kimebaki kwa mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa watarajali, pamoja na wanafunzi wa udaktari wa miaka ya mwisho wanaokuja wodini kutoka Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na vyuo vingine. Kipande kimoja, karibu na mwisho, ni cha wale wanaoangaliwa.

Mvunje mtu awe matendo

Kosa la kwanza ni kutafuta mtu mmoja aliyekamilika. Hayupo. Daktari mwenye jicho kali la kutambua ugonjwa anaweza kuwa ndiye anayewakata wagonjwa kauli. Aliye mpole kwa jamaa za wagonjwa anaweza kuwa mzembe wa kuandika faili. Ukimchukua mtu mzima mzima, utabeba na kasoro zake bila kujua, kwa sababu zinakuja zimefungwa pamoja na sifa.

Kwa hiyo fanya hesabu ya matendo. Ukiwa na miezi mitatu katika idara moja, una wiki kama kumi na mbili: tendo moja kwa wiki linatosha, na ukipata nane yaliyokaa vizuri mkononi umefanya kazi. Tendo liwe dogo kiasi kwamba unaweza kuliona lote kwa dakika kumi. "Kuhudumia wagonjwa wa moyo" si tendo. "Kuangalia mshipa wa shingo kwa mgonjwa aliyelalia mgongo ulioinuliwa" ni tendo. "Mawasiliano mazuri" si tendo. "Kumwambia mama kwamba mtoto wake anahitaji kuongezwa damu" ndilo.

Kisha uliza: nani hapa wodini analifanya tendo hili vizuri kuliko wote? Usianze na cheo. Kwa kupapasa tumbo la mjamzito na kujua mtoto kalalaje, mwalimu wako mara nyingi ni mkunga wa miaka mingi. Kwa kupata mshipa wa mtoto aliyekauka maji, ni muuguzi wa wodi ya watoto. Kwa kuweka barakoa ya hewa usoni bila kuvuja, nenda kwa mtaalamu wa dawa za usingizi. Dakika ishirini naye kabla ya upasuaji kuanza zina faida kuliko sura nzima ya kitabu. Bingwa mfuate kwa lile ambalo yeye hasa analo, yaani namna anavyopanga mawazo: kwa nini ugonjwa huu na si ule, kwa nini kipimo hiki kisubiri.

Watarajali wengi huona haya kujifunza kwa muuguzi. Haya hiyo humgharimu mgonjwa.

Kuangalia kuna namna yake

Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika mengi juu ya kujifunza kwa kutazama, aliyataja mambo manne katika kazi yake ya mwaka 1977: kutia makini, kuhifadhi akilini, kuweza kulitenda lile uliloliona, na kuwa na sababu ya kulitenda. Wodini dau huvujia katikati. Mtarajali anatazama kweli, tena kwa hamu, na sababu anayo; lakini hahifadhi na hatendi. Kufika jioni kilichobaki kichwani ni hisia tu, kwamba "daktari yule mzuri sana."

Tuchukue mfano wa raundi ya asubuhi. Bingwa anafika kitanda cha bibi aliyelazwa kwa kukosa pumzi.

"Shkamoo bibi."

"Marhaba mwanangu."

"Usiku umelalia mito mingapi?"

"Mitatu, na bado nikaamka nikaenda kukaa dirishani."

Bingwa anatikisa kichwa, ananyamaza. Bibi anaendelea mwenyewe: miguu imevimba, kandambili hazimuingii, na vidonge vya kukojoa aliviacha tangu harusi ya mjukuu, maana atakwenda msalani mara ngapi mbele za watu?

Mtarajali aliyesimama miguuni mwa kitanda, faili mkononi, ataandika kwamba mgonjwa hakumeza dawa. Ni kweli. Lakini ameyakosa yaliyofanya maneno hayo yatoke. Bingwa alinawa mikono kabla ya kugusa chochote. Alivuta kiti akakaa, macho yakawa sawa na ya bibi. Alianza na swali ambalo jibu lake ni namba ya mito, na kila mtu anaweza kulijibu. Jibu lilipokuja hakulirukia. Stetoskopu ilibaki shingoni mwake mpaka alipokwisha kuangalia mshipa wa shingo na kubonyeza kifundo cha mguu.

Kile kimya kina uzito wake. Howard Beckman na Richard Frankel, waliochunguza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa Marekani, walitoa matokeo yao mwaka 1984: kwa wastani daktari alimkata mgonjwa kauli baada ya sekunde 18. Jipime. Uliza swali la kwanza, kisha hesabu kimya kimya mpaka thelathini. Utashangaa jinsi thelathini ilivyo mbali.

Ili uyaone hayo, simama upande wa kichwani mwa kitanda, mkabala na daktari, sio nyuma ya kundi. Ukipata nafasi liangalie tendo lile lile mara tatu kwa wagonjwa watatu. Mara ya kwanza ulione lote. Mara ya pili fuata mikono tu: inaanza wapi, inashika nini, inasubiri wapi. Mara ya tatu fuata mdomo na masikio. Anayetaka kuona kila kitu kwa mara moja huishia kumwangalia mtu usoni.

Halafu andika siku hiyo hiyo, kabla hujalala. Daftari dogo la mfukoni linatosha, nusu ukurasa kwa tendo. Jina la mgonjwa lisiwemo, wala namba ya faili, wala jina la kijiji. Daftari hudondoka kwenye daladala. Ukurasa wa yule bibi ungekuwa hivi:

*Tendo: kumchunguza mgonjwa anayekosa pumzi.*
*Mpangilio: kanawa, kakaa, kauliza mito, kanyamaza, shingo, miguu, ndipo kifua.*
*Ambalo hakulifanya: hakusoma faili mbele ya mgonjwa. Hakumlaumu kwa dawa.*
*Nisilolielewa: kwa nini kabonyeza kifundo muda mrefu vile?*
*Nitalijaribu: Jumatano, mgonjwa mpya, nikiwa na daktari wa zamu.*

Mstari wa tatu ndio wengi huusahau, na ndio wenye mali. Ubingwa mwingi umo katika yale ambayo mtu hayafanyi, na jicho lisiloambiwa litafute halitayaona.

Kuuliza bila kuvunja heshima

Mikono unaiona, mawazo huyaoni. Lazima uulize, na Visiwani kumuuliza mkubwa kuna adabu zake. Swali "Kwa nini hukumpa dripu?" ni sawa kisarufi, ila sikioni mwa mkubwa ni mashitaka, tena mbele ya mgonjwa. Atajibu kwa ukali, au kwa kifupi, na utakuwa umepoteza somo.

Muda wa kuuliza ni baada ya raundi, mnapotoka wodini au anapomaliza kuandika. Anza kwa kuomba: "Daktari, naomba unifahamishe jambo moja kuhusu bibi wa kitanda cha mwisho." Kisha uliza juu ya uamuzi wenyewe: "Kipi kilichokufanya uone dripu haifai?" Au: "Ungeona nini kwake ndipo ungeamua vinginevyo?" Hili la pili ni zuri kuliko yote, kwa sababu linamlazimisha aseme mipaka ya uamuzi wake. Atakwambia: kama presha ingekuwa chini, kama mikono ingekuwa baridi, kama asingevimba miguu. Hayo yote yalikuwa kichwani mwake na hakuyatamka.

Swali moja kwa siku. Maswali matano yatamfanya ajifiche.

Kuna jibu utakalolipata mara nyingi: "Ni uzoefu tu." Usikubali kirahisi, wala usibishane. Sema, "Basi naomba nikueleze nilivyoona mimi, unisahihishe," kisha eleza kwa sentensi tatu. Mkubwa ambaye hawezi kueleza anachokijua huweza kusahihisha kilichokosewa. Hapo ndipo mawazo yake yanapotoka.

Kutenda ukiwa unaangaliwa

Waswahili wanasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kuvukuta kunafundisha, ndiyo: mtarajali anayeshikilia jeraha liwe wazi upasuaji mzima anaona mengi. Lakini aliyevukuta mwaka mzima bila kusana hajawa mhunzi. Lazima ufike siku ya kushika nyundo, na mkubwa awepo.

Kwa kazi za mikono ipo njia ya hatua nne ambayo Rodney Peyton, daktari wa upasuaji wa Uingereza, aliiandika mwaka 1998. Mwalimu anafanya kwa mwendo wake wa kawaida bila kusema neno. Anafanya tena polepole huku akieleza kila kipande. Mara ya tatu mwalimu anafanya, lakini anayesema ni mwanafunzi: hafanyi kitu mpaka aambiwe. Mara ya nne mwanafunzi anafanya na kusema mwenyewe. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa kila siku, na ndiyo inayofichua shimo: ukishindwa kumwambia mwalimu afanye nini sasa, mkono wako nao utashindwa.

Tuseme tendo ni kumwekea kanyula, yaani kile kimrija cha plastiki cha kupitishia maji na dawa mshipani, mtoto wa miezi kumi anayeharisha, na mwalimu ni muuguzi wa wodi ya watoto. Katika hatua ya tatu wewe ndiye unayesema:

"Nimeshanawa, nimevaa glavu. Mama amempakata, msaidizi ameshika kiwiko na kiganja. Funga mpira juu ya kiwiko, usibane sana. Pangusa kwa spiriti, subiri ikauke. Kanyula ya njano, geji 24. Vuta ngozi chini ya mshipa kwa kidole gumba. Ingiza kwa mlalo, kama nyuzi 15, tundu la sindano likiangalia juu. Damu imeonekana. Laza sindano zaidi, sogeza milimita moja au mbili. Sasa sindano ibaki pale pale, sukuma plastiki peke yake. Fungua mpira. Bonyeza mshipa juu ya ncha ya plastiki. Toa sindano, iende moja kwa moja kwenye kisanduku cha vyenye ncha kali."

Makosa ya wanaoanza yapo pale pale kila mara. Wanaona damu, wanafurahi, wanasukuma vyote viwili kwa pembe ile ile na kutoboa ukuta wa nyuma wa mshipa. Wanasahau kufungua mpira kabla ya kutoa sindano, damu inamwagika, mama anapiga ukelele. La hatari zaidi ni kuirudisha sindano ndani ya plastiki ikiwa bado imo mwilini: inaweza kuikata, na kipande kikabaki kwenye mshipa. Na jambo moja ambalo muuguzi mzuri hulionyesha kwa kitendo bila kulisema: akikosa mara mbili, anamwita mwenzake. Liandike hilo pia, kwa sababu kujua wakati wa kuacha ni sehemu ya ufundi.

Kabla hujatenda, mwambie anayekuangalia jambo gani hasa aliangalie. "Niangalie pembe ya sindano" humpa kazi. "Niangalie nafanyaje" humpa nafasi ya kusema "vizuri" na kuondoka.

Mkubwa asiyesema Kiswahili

China imekuwa ikileta timu za madaktari Zanzibar tangu mwaka 1964, wengi wao kutoka jimbo la Jiangsu, na katika hospitali za Unguja na Pemba utafanya kazi na wageni kutoka nchi mbalimbali. Kwa jicho la mwanafunzi hii ni bahati yenye kasoro. Mikono yao inafundisha sana, hasa kwenye chumba cha upasuaji. Mazungumzo yao na mgonjwa yanapita kwa mkalimani, na mara nyingi mkalimani huyo ni wewe.

Basi gawanya. Kwao chukua mpangilio wa vifaa, namna ya kufunga fundo, mahali wanaposimama na kusita. Kabla ya upasuaji omba wakuchoree kwenye karatasi: wapi watakata, nini wanaogopa kukutana nacho, watafanya nini wakikutana nacho. Mchoro hauhitaji tafsiri. Ila namna ya kumweleza mgonjwa usiichukue kwao. Sentensi fupi fupi zinazofaa kutafsiriwa huwa kavu kama amri zikisemwa na Mzanzibari kwa Mzanzibari mwenzake.

Matendo ya hapa kwetu yasiyomo vitabuni

Haya yatafute kwa makusudi, kwa kuwa vitabu vya udaktari viliandikwa mbali.

Pazia. Angalia daktari wa kiume anayeaminiwa na kina mama anavyofika kitandani. Hubisha hodi nje ya pazia kana kwamba ni mlango. Muuguzi wa kike yupo ndani kabla yake. Huomba ruhusa ya kugusa, na huomba tena anapohamia sehemu nyingine. Kanga hufunuliwa kipande kimoja, kipande hicho hufunikwa kabla ya kingine kufunuliwa. Nyongeza ya muda ni kama dakika mbili. Anayeziruka dakika hizo hupata majibu ya "ndiyo" na "hapana" tu, kisha analalamika kwamba wagonjwa hawajielezi.

Ramadhani. Mgonjwa wa kisukari hataki kuulizwa kama atafunga, ameshaamua. Mtafute daktari ambaye wagonjwa wake humwambia ukweli juu ya funga, usikilize anavyoanza. Kwa kawaida huanza mapema, wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, na huuliza "Mwaka jana funga ilikwendaje?" Humpima hatari yake, huhamishia dawa kwenye futari na daku kwa dozi iliyopangwa upya, na wengine huwaambia waziwazi kwamba afya yao haiwaruhusu. Humweleza kwamba kujipima sukari kwa tone la damu hakutengui saumu kwa kauli ya wanazuoni wengi, na kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au kupanda juu ya 16.7 afungulie pale pale, hata kama adhana ya magharibi imebaki nusu saa. Daktari anayesema "usifunge" na kufunga faili hupata mgonjwa atakayefunga kimya kimya, na kuletwa saa kumi alasiri hajitambui.

Na kifo. Hapa watarajali huumia kuliko mahali pengine, kwa sababu kazi hii huachiwa wao, usiku, bila kuoneshwa hata mara moja. Mkubwa akienda kuwapa jamaa habari, omba kufuatana naye na usimame kimya karibu na mlango. Utaona kwanza anatafuta nani ndiye msemaji wa familia, baba mkubwa, mjomba au kaka, na kuhakikisha hayupo peke yake. Simu imezimwa. Wamekaa. Anauliza wanajua nini mpaka sasa. Anatoa onyo dogo: "Nimekuja na habari nzito." Kisha analitamka neno lenyewe: amefariki.

Neno hilo lazima litoke. Mtarajali mwenye huruma husema "amezidiwa", akidhani anapunguza makali. Jamaa husikia kwamba mgonjwa bado yupo, wanakimbilia duka la dawa, na nusu saa baadaye daktari analazimika kuwaua moyo mara ya pili. Sema "amefariki", kisha nyamaza. Watasema inna lillahi wa inna ilayhi raajiun, nawe uwape pole. Maswali juu ya ugonjwa huja baadaye, na yakija yajibiwe. Lakini swali la kwanza kabisa mara nyingi ni lini watapewa maiti, kwa kuwa maziko hayacheleweshwi. Mkubwa anayejua kazi yake ameshauliza taratibu za karatasi kabla ya kuingia chumbani.

Mkubwa akikosea

Mfano mbaya hufundisha kwa nguvu sawa na mzuri, tena bila kuombwa. Watafiti wa Chicago walioangalia unawaji wa mikono hospitalini, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003, waliona kwamba mfanyakazi akiwa chumbani na mkubwa ambaye hakunawa, naye alielekea zaidi kutokunawa. Hakuna aliyetoa amri. Mkubwa alipita tu.

Yapo makosa ya aina mbili, na kila aina ina dawa yake. Aina ya kwanza ni njia ya mkato. Daktari wa miaka ishirini anauliza maswali matatu na kujua ugonjwa. Wewe ukiuliza matatu utakuwa umeuliza matatu tu. Alifika hapo kwa kuuliza thelathini mara elfu. Mpaka umalize utarajali, uliza yote.

Aina ya pili ni ubaya wenyewe: kumfokea mama aliye na uchungu, kumdhihaki mgonjwa kwa kwenda kwanza kwa mganga, kusaini kipimo kisichofanyika. Hatari yake ni kwamba huvaa nguo za ushujaa. Anayefoka huonekana ana kazi nyingi, na kijana huanza kudhani ukali ndio ubingwa. Fungua ukurasa wa nyuma wa daftari, andika tendo, na uandike mbele yake ungelifanyaje. Ukiacha kuandika, miezi sita baadaye utajisikia unafoka kwa sauti ya mtu mwingine.

Mgonjwa akiwa hatarini sasa hivi, daftari lisubiri. Panda ngazi. Kwanza kama ombi: "Daktari, samahani, tuangalie tena mzio wake kabla ya sindano." Ikipita bila kusikilizwa: "Nina wasiwasi, kwenye faili imeandikwa penisilini inamdhuru." Ikipita tena: "Naomba tusimame kwanza, hii ni hatari kwa mgonjwa." Jizoeze sentensi hizi kwa sauti ukiwa nyumbani. Mdomo ambao haujawahi kumwambia mkubwa "tusimame" hautafunguka siku ya kwanza ukiwa na hofu.

Kwa wanaoangaliwa

Ukiwa bingwa au daktari wa zamu, tayari unafundisha, upende usipende. Yapo mambo matatu yanayogharimu kidogo. Fikiri kwa sauti mara moja katika kila raundi: "Nilidhani homa ya mapafu, lakini oksijeni iko sawa na homa imezidi wiki, kwa hiyo narudi nyuma." Taja kosa lako likiwa bado bichi, mtarajali akisikia bingwa anasema "jana nilikosea dozi, tukaikamata hivi," ataleta la kwake kabla halijaleta madhara. Na mkitoka kwenye jambo zito, kifo au upasuaji uliokwenda kombo, simameni dakika tano ukumbini. Uliza "Umeona nini?" kabla ya kusema wewe ulichoona.

La nne ni gumu kidogo: mwambie mtarajali usiloliweza. "Kwa hili mfuate Bi Mkunga, ananishinda" ni sentensi itakayomfungulia milango ambayo haya yake ilikuwa imeifunga.

Kabla ya kuhama idara

Wiki ya mwisho mwombe mtu mmoja mwenye jicho kali akuangalie ukimpokea mgonjwa mpya toka salamu mpaka mpango wa matibabu, bila kukukatiza. Dakika ishirini hadi thelathini. Mpe karatasi yenye mistari mitatu: lililo sawa, lililokosekana, la kufanyia kazi idara ijayo. Chagua asubuhi yenye wagonjwa wachache na umwombe siku mbili kabla, kwa maana ukimkuta mlangoni atakwambia "kesho." Karatasi hiyo ibandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, na mstari wake wa tatu uwe tendo la wiki ya kwanza huko uendako.